Dakika Moja ya Kimya

Sindano najidunga Jumapili, kabla ya ibada ya pili,
pembeni mwa kitovu, kama karani anayegonga mhuri.
Inakaa kwenye friji, kati ya mlenda wa jana
na chupa ya maji yenye jina la Nyemo, asiguse mtu.

Daktari alisema: kichefuchefu kidogo, hamu itapungua.
Hakusema tumbo litajifunza kuongea.

Jumatatu halina neno.
Jumanne linakohoa.
Jumatano, saa nne, ofisini Mtumba,
linaanza: ngrrr, kwioo, bwlu bwlu,
kama mtu anayeburuta kabati ghorofa ya juu,
nasi hatuna ghorofa ya juu.
Nasogeza kiti kigune kwa niaba yangu.
Nafungua droo, naifunga. Napiga chafya za uongo.
Na lile jingine, lisilo na sauti,
namshukuru Mungu kwa upepo wa Dodoma:
nafungua dirisha, karatasi za bajeti zinaruka,
wote wanakimbilia karatasi,
hakuna anayeuliza kwa nini.

Debe tupu haliachi kuvuma, sawa.
Lakini hili nalilipia,
kila mwezi, kodi ya chumba na sebule Nkuhungu.

Basi Jumatano ile tukasimama ukumbini
dakika moja, kumkumbuka Mzee Chihoma, dereva,
aliyetupeleka Kondoa na Manyoni miaka kumi na saba
bila kugonga hata mbuzi.
Vichwa chini. Viyoyozi vimezimwa kwa heshima.
Sekunde ya kumi nikalisikia linavuta pumzi.
Nikalibana. Nikaliombea. Nikalitukana kwa Kigogo.
Likasema.
Likasema kwa kirefu, likaongeza na aya ya pili.

Nikaomba sakafu inimeze
kama tope lilivyommeza tembo aliyeupa mji huu jina,
na hapo, kutoka meza kuu,
likajibiwa.
Lafudhi ileile.
Nikainua jicho moja: Mkurugenzi Msaidizi, Bwana Ndahani,
anatazama viatu vyake,
mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

Kwenye korido hakunisalimia. Aliniuliza tu:
"Jumapili?"
"Jumapili."
"Mimi Jumatatu. Kunde acha kabisa."
Akaenda zake, hatua za haraka, peke yake,
kuelekea mlango wa nyuma.

Jumamosi nikaenda Mvumi kwa mama.
Nimepungua kilo tisa. Aliniona akiwa zizini,
akauliza, "Umefiwa na nani?"

Usiku tukalala kitanda kimoja, umeme umekatika,
tumbo likaanza habari zake.
Mama akaamka. Akakaa.
Hakucheka.
Akaniwekea kiganja juu, kikavu, cha mpini wa jembe,
kama alivyoniwekea mwaka ule mvua zilipokatika Januari
tukala mtama uliotunzwa wa kupandia,
na usiku nyumba nzima ikanguruma, watoto sita,
kila mmoja na sauti yake, naye gizani
akitutambua mmoja mmoja bila kuwasha kibatari.
"Huyu namjua," akasema. "Amekufuata mpaka serikalini?"

Nikamweleza: sindano, magoti, sukari iliyoanza kupanda.
Bei nikaitaja nusu.
Akanyamaza dakika moja nzima,
na kiganja hakukiondoa.

Ndipo likatoka lile jingine, bila idhini,
safari hii na sauti yake,
refu, lenye nukta mwishoni.

Mama akacheka mpaka akashika ukuta.
"Aa, basi si yeye," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya khanga.
"Njaa haijambi."

Kisha akafungua dirisha.